Spa si ya kukaa benchi

MWAKA 2028 utapita bila Spa. Mwaka 2030 nao utapita hivyohivyo. Mkataba mpya wa mbio za Formula 1 za Ubelgiji, uliotangazwa Januari 2025, unasema saketi ya Spa-Francorchamps itaandaa mbio mwaka 2026, 2027, 2029 na 2031. Hiyo miwili ya katikati inakaa nje, inapisha wengine.

Kwa lugha yetu ya soka, Spa imefanywa mchezaji wa kupokezana. Leo anaanza, kesho yuko benchi kajifunika koti, anasubiri kocha amkumbuke.

Najua ukurasa huu ni wa mpira. Najua kuna msomaji ameufungua akitafuta habari za usajili na mambo ya Simba na Yanga. Leo nivumilie kidogo, maana hili linatuhusu hata sisi tunaoamini kitu chenye matairi manne kazi yake ni kuwapeleka mashabiki uwanjani. Hoja yangu ni fupi. Mchezo ukianza kuviweka kando viwanja vyake vyenye tabia ili kupisha viwanja vyenye pesa, mchezo huo unakata tawi uliokalia.

Na kama kuna uwanja wenye tabia kwenye mbio za magari hapa duniani, basi ni Spa.

UWANJA UNAOCHEZA

Tuanzie tunapopajua. Kwenye soka uwanja ni mstatili. Old Trafford ni mstatili, Benjamin Mkapa ni mstatili, na ule wa shule ya msingi jirani na kwako nao ni mstatili, hata kama mstari wa pembeni umechorwa kwa majivu. Vipimo vinavyotumika sana ni mita 105 kwa 68. Tofauti ya uwanja na uwanja tunaitafuta kwenye vitu vya pembeni: kelele za jukwaani, nyasi, joto, upepo, mwinuko.

Hata hivyo, tukipata uwanja wenye tabia tunausimulia miaka na miaka. Chukua ule wa Hernando Siles pale La Paz, Bolivia, uliopo takriban mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Aprili 1, 2009, Argentina ya kocha Diego Maradona, Lionel Messi akiwa uwanjani, ilipigwa 6-1 pale. Mapafu yaligoma. FIFA iliwahi kujaribu kuzuia mechi za kimataifa kwenye viwanja vya juu namna hiyo mwaka 2007, nchi za milima ya Andes zikaja juu, na mwaka uliofuata zuio likasimamishwa. Watu walikataa kunyang'anywa mlima wao.

Sasa kwenye mbio za magari, uwanja hauko pembeni ya mchezo. Uwanja wenyewe unacheza. Kona, mteremko, upana wa lami na umbali wa ukuta ndivyo vinaamua nani apite, nani abaki nyuma na nani arudi kambini kwa miguu. Dereva anapambana na wenzake, lakini mpinzani wake wa kwanza kila mzunguko ni ile lami iliyo mbele yake. Ukibadilisha saketi, umebadilisha mchezo. Ni kama mechi moja goli liwe na upana wa mita saba, inayofuata liwe na mita tisa na limewekwa juu ya kilima.

ILIANZA NA MTU WA GAZETI

Spa ni mji mdogo mashariki mwa Ubelgiji, kwenye milima yenye misitu inayoitwa Ardennes. Mji huo unajulikana kwa chemchemi zake za maji ya madini. Lile neno "spa" unaloliona kwenye mabango ya saluni za mjini, za kukandwa na kupakwa matope usoni, linatokana na jina la mji huu. Saketi yenyewe iko kilomita chache kutoka mjini, kando ya kijiji cha Francorchamps.

Nikiwa mwandishi, kuna jambo moja kwenye historia yake linanifurahisha sana. Mmoja wa watu wawili walioianzisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, alikuwa mtu wa magazeti: Jules de Thier, bosi wa gazeti la La Meuse la jijini Liège. Mwenzake alikuwa Henri Langlois van Ophem. Hawakununua shamba wakamwita mhandisi achore. Walichukua barabara za kawaida zilizounganisha Francorchamps, Malmedy na Stavelot, barabara za wakulima na mikokoteni, wakapata pembetatu yenye urefu wa karibu kilomita 15. Hiyo ndiyo ikawa saketi. Mbio za kwanza za Grand Prix za magari zilifanyika pale mwaka 1925, na aliyeshinda ni Antonio Ascari wa Italia.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyekaa mezani akaamua kona ikae wapi. Barabara ilipinda pale mlima ulipoikatalia, ikashuka pale bonde liliposhuka, ikavuka mto pale palipovukika.

Hata siasa ziliacha alama yake. Chini ya bonde kuna kijito kinaitwa Eau Rouge, yaani maji mekundu, kwa sababu ya chuma kilichomo majini. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kijito hicho kilikuwa mpaka: huku Ubelgiji, kule Ujerumani. Palikuwa na ofisi ya forodha, na saketi ilipoanza, magari yalikuwa yanazunguka pale kwenye kona kali iliyoitwa Forodha ya Zamani. Mwaka 1939 wakaamua kuikata ile kona. Badala ya kuzunguka, wakapandisha barabara moja kwa moja kwenye kilima. Kipande hicho kikaitwa Raidillon, neno la Kifaransa la mpando mfupi uliosimama.

Hadi mwaka 2000, sehemu ya saketi hii ilikuwa bado barabara ya umma. Siku zisizo za mbio mwananchi aliweza kupita pale na gari lake la kwenda sokoni. Ndiyo maana kona ya mwisho inaitwa Bus Stop. Palikuwa na kituo cha basi kweli.

TUZUNGUKE PAMOJA

Saketi ya leo ni fupi kuliko ile ya zamani, lakini bado ndiyo ndefu kuliko zote kwenye kalenda ya Formula 1: kilomita 7.004. Monaco ina kilomita 3.337, kwa hiyo mzunguko mmoja wa Spa ni zaidi ya miwili ya Monaco. Siku ya mbio wanaizunguka mara 44. Ina kona 19, na tofauti kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa ni kama mita 100. Hebu fikiria mchezo unaochezwa kwa kupanda na kushuka jengo la ghorofa 30, halafu kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa.

Mzunguko unaanza na La Source. Magari yakitoka tu kwenye mstari wa kuanzia, kabla hayajapata kasi ya maana, yanakutana na kona ya kulia iliyopinda kama kiwiko. Hapa ni sawa na kona ya dakika ya kwanza ya mechi: watu wamejazana golini, mikono, mabega, na mmoja lazima aanguke. Wengi wameharibikiwa na siku yao hapa kabla mashabiki hawajakaa vizuri.

Ukitoka La Source unashuka, unakanyaga mafuta mpaka mwisho, bonde linakuja. Chini kabisa unavuka kile kijito cha Eau Rouge kwa mkunjo wa kushoto, papo hapo unatupwa kulia na kuanza kupanda Raidillon, na juu kabisa kuna mkunjo mwingine wa kushoto ambao huuoni mpaka uwe umeshafika. Mpando ni takriban mita 40. Pale chini mwili wa dereva unabanwa kwenye kiti kama amekaliwa na mtu, na pale juu gari linakuwa jepesi kama linataka kuruka. Magari ya sasa, lami ikiwa kavu, yanapita pale bila dereva kuachia mafuta. Ukiona kwenye runinga unaweza kudhani ni rahisi, kwa sababu kamera inaulaza mlima. Mlima haujalala.

Baada ya hapo kuna sehemu ndefu iliyonyooka, inaitwa Kemmel. Hapa ndipo mabao yanapofungwa. Kuanzia La Source mpaka mwisho wa Kemmel dereva amekanyaga mafuta kwa zaidi ya sekunde 20, na anayekufuata anatumia upenyo wa hewa uliouacha wewe. Aliyeongoza pale juu ya Raidillon anaweza kufika mwisho wa Kemmel akiwa wa pili.

Agosti 2000, Mika Häkkinen alikuwa anamfukuza Michael Schumacher, imebaki mizunguko michache. Mzunguko mmoja alijaribu hapo Kemmel, Schumacher akambana. Mzunguko uliofuata wakamkuta mbele yao Ricardo Zonta, aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima. Schumacher akampita Zonta kushoto. Häkkinen akapita kulia. Magari matatu sambamba, zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na walipofika kwenye breki Häkkinen ndiye alikuwa mbele. Alishinda mbio zile. Muulize shabiki yeyote wa zamani wa Formula 1 akutajie pasi tatu bora alizowahi kuona, uone kama hiyo itakosekana. Saketi ingekuwa nyingine, pasi hiyo isingekuwepo. Unahitaji Raidillon kuibeba kasi, na unahitaji Kemmel kuwa ndefu kiasi kile.

Kutoka hapo mambo yanabadilika kabisa. Baada ya Les Combes gari linaanza kushuka mlima kwa kona zinazofuatana: Bruxelles inayozunguka kulia taratibu huku ikikuvuta nje, halafu Pouhon, kona mbili za kushoto zilizoungana zinazopitwa kwa kasi kubwa huku barabara ikiteremka. Madereva wengi wanaiheshimu Pouhon kuliko Raidillon, kwa sababu pale Raidillon gari la sasa linakubeba, lakini Pouhon inakuuliza wewe mwenyewe una moyo kiasi gani. Halafu Fagnes, halafu kona za Stavelot, mojawapo ikiitwa Paul Frère.

Huyo Paul Frère naye msimsahau. Alikuwa dereva wa Ubelgiji aliyeshika nafasi ya pili hapahapa Spa mwaka 1956 na kushinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1960. Na alikuwa mwandishi wa habari. Saketi iliyoanzishwa na bosi wa gazeti ina kona yenye jina la mwandishi. Sisi wa kwenye viti vya waandishi tunaotafuta soketi ya kuchajia kompyuta, angalau tuna mahali petu pamoja duniani.

Baada ya Paul Frère ni mafuta tena mpaka Blanchimont, kona ya kushoto ya kasi inayopita katikati ya miti, kisha breki kali pale Bus Stop, kulia, kushoto, na mzunguko umeisha. Umetumia takriban dakika moja na sekunde 45.

KIKOSI GANI UPANGE?

Sasa njoo kwenye akili ya mchezo, maana kocha yeyote wa soka angeipenda Spa kwa hili.

Gari la Formula 1 lina mabawa mbele na nyuma. Bawa kubwa linaligandamiza gari kwenye lami, linapita kona vizuri, lakini kwenye sehemu iliyonyooka linakuwa zito. Bawa dogo linakupa kasi, lakini kwenye kona gari linateleza. Monaco hakuna mjadala, wote wanaweka makubwa. Monza hakuna mjadala, wote wanaweka madogo.

Spa inakutesa. Sehemu ya kwanza na ya mwisho zinataka kasi. Ya katikati, yenye Bruxelles na Pouhon, inataka kushika lami. Ukiweka bawa dogo, utapaa Kemmel lakini utapoteza muda kule mlimani, na matairi yataisha mapema kwa kuteleza. Ukiweka kubwa, utakuwa mfalme wa Pouhon halafu watu watakupita Kemmel kama umesimama.

Ni mjadala uleule wa kocha anayekwenda ugenini. Nijaze viungo au niweke washambuliaji wawili? Hakuna jibu moja. Na kwa sababu sheria zinabana kubadilisha gari baada ya kusaka nafasi za kuanzia, kocha anapanga kikosi mapema kisha anaomba Mungu hali ya hewa isimgeuke.

Na pale Spa, hali ya hewa inageuka.

MVUA YA UPANDE MMOJA

Urefu wa kilomita saba ndani ya milima yenye misitu una maana kwamba mvua inaweza kunyesha Stavelot wakati La Source kuna jua. Wewe uko kwenye kompyuta unaona wingu, dereva anakwambia pakavu, mwenzake dakika hiyohiyo anapiga kelele kwamba kuna maji. Ukimwita abadilishe matairi kosa, ukimwacha kosa. Na ukikosea, hakuna kurudi haraka. Lazima azunguke kilomita saba nzima na matairi yasiyofaa kabla hujamwona tena.

Ndiyo maana Spa imetoa matokeo ya ajabu. Mwaka 1998 magari 13 yaligongana muda mfupi baada ya kuanza, kwenye mvua, vyuma vikatapakaa barabarani. Mbio zikaanza upya. Schumacher, aliyekuwa anaongoza, akaligonga kwa nyuma gari la David Coulthard kwenye ukungu wa maji, akatoka. Mwisho wa siku Damon Hill akaipa timu ya Jordan ushindi wake wa kwanza kabisa, na mwenzake Ralf Schumacher akawa wa pili. Timu ndogo, nafasi mbili za juu. Tunalipenda hilo kwenye Kombe la FA, kwa nini tusilipende hapa?

Michael Schumacher mwenyewe ni mtoto wa saketi hii. Alicheza mechi yake ya kwanza ya Formula 1 hapa mwaka 1991, akapata ushindi wake wa kwanza hapa mwaka 1992, na mwaka 1995 alianza nafasi ya 16 akashinda. Jumla alishinda Spa mara sita, na hakuna aliyemfikia. Ayrton Senna alishinda mara tano. Jim Clark alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1965. Ukiangalia orodha hiyo huoni wababaishaji. Uwanja wenye tabia unawachuja watu.

TUSIDANGANYANE KUHUSU DAMU

Hapa lazima nisimame, maana kuna mashabiki wakianza kuisifia Spa wanasahau upande huu.

Ile saketi ya zamani iliua. Ilipita katikati ya nyumba, nguzo na miti, bila kizuizi cha maana. Mwaka 1960 madereva wawili, Chris Bristow na Alan Stacey, walikufa ndani ya mbio moja. Mwaka 1966 mvua ilishuka mzunguko wa kwanza, Jackie Stewart akatoka nje ya barabara, akanaswa ndani ya gari huku petroli ikimmwagikia. Waliomtoa ni madereva wenzake, kwa kutumia spana ya kuazima. Clark aliyeshinda mara nne hakuipenda kabisa. Mwaka 1969 mbio hazikufanyika kwa sababu madereva waligoma juu ya usalama, na mwaka 1970 Formula 1 ikakimbia pale kwa mara ya mwisho kwenye saketi ile ndefu. Mshindi, Pedro Rodríguez, alikuwa na wastani wa zaidi ya kilomita 240 kwa saa. Wastani, si kasi ya juu.

Saketi iliyofupishwa ilifunguliwa mwaka 1979 na Formula 1 ikarudi 1983. Lakini hatari haikuisha. Agosti 2019, Anthoine Hubert, kijana Mfaransa wa miaka 22, alifariki kwenye ajali ya Formula 2 baada ya Raidillon. Julai 2023, Dilano van 't Hoff, Mholanzi wa miaka 18, alifariki kwenye mbio za vijana, mvua ikinyesha na wenzake hawaoni mbele. Miaka 18. Kwetu huyo bado ni mchezaji wa timu ya vijana.

Kwa hiyo anayesema "Spa ibaki ilivyo, hatari ndiyo utamu" simuungi mkono. Hakuna kona yenye thamani ya mtoto wa mtu. Ninachosema ni kwamba dawa yake inajulikana na imeshaanza kutumika. Kabla ya mbio za 2022, maeneo ya kando ya Raidillon yalipanuliwa na kokoto zikarudishwa kwenye kona kadhaa, ili gari likitoka lisirudi katikati ya barabara wenzake wakaligonga. Njia yenyewe ikabaki. Huo ndio utaratibu sahihi: sogeza ukuta, acha mlima.

Na mvua ikizidi, watu wasikimbie. Hilo nalo liwe sheria isiyo na aibu. Aibu ni ile ya 2021, mashabiki walipolowa kwa saa nyingi, kisha magari yakazungushwa mara chache nyuma ya gari la usalama, Max Verstappen akapewa ushindi na pointi nusu, bila hata mzunguko mmoja wa mashindano ya kweli. Ile ilikuwa mechi ya kupigiana pasi kwa kipa kisha ikahesabiwa. Mwaka 2025 walifanya ustaarabu zaidi. Walisubiri zaidi ya saa nzima mvua ipungue, wakaanza, na Oscar Piastri akampita Lando Norris hapohapo Kemmel na kushinda. Anayelalamika kwamba walisubiri sana, akumbuke 2023.

PESA INASEMAJE?

Upande wa pili una hoja zake, na nitazitaja kwa haki.

Kalenda ina mbio 24, na miji inayotaka kuingia ni mingi. Las Vegas iliingia 2023, magari yanapita usiku mbele ya kasino na mahoteli. Madrid imepewa nafasi kuanzia 2026. Imola ya Italia haimo kwenye kalenda ya 2026, na Zandvoort ya Uholanzi inaaga mwaka huohuo. Spa iko msituni, inaegemea msaada wa serikali ya jimbo la Wallonia, na haiwezi kushindana na mji wa kasino kwa kuweka hela mezani. Mwenye ligi naye ni mfanyabiashara. Kwa hesabu zake, kumpa Spa miaka minne kati ya sita ni fadhila.

Wala sisemi viwanja vipya vyote ni vibaya. Baku, iliyoingia 2016, imetupa mbio za vurugu nzuri tu. Lakini angalia kwa nini. Barabara yake inapita kwenye kuta za mji mkongwe, mahali fulani upana ni mita 7.6 tu. Mchoraji wake, Hermann Tilke, ndiye huyohuyo aliyechora Bahrain na Abu Dhabi kwenye jangwa tambarare. Alipokutana na ukuta wa mababu usioweza kubomolewa, kazi yake ikapata tabia. Tabia inatoka kwenye ardhi na historia, haitoki kwenye kompyuta.

Kwa hiyo kama kupokezana hakukwepeki, wapokezane wageni kwa wageni. Wenye barabara za mjini zinazofanana wapeane zamu. Spa ilikuwemo kwenye msimu wa kwanza kabisa wa ubingwa wa dunia, mwaka 1950, ulipokuwa na mbio saba tu. Kuiambia leo ipishe ni sawa na kuwaambia mashabiki wa Kariakoo kwamba dabi itachezwa mwaka huu, mwakani hapana, kwa sababu kuna timu mpya imenunua tarehe.

NA SISI HUKU JE?

Kuna sababu ya karibu zaidi ya kulifuatilia hili. Desemba 2024, Rais Paul Kagame alitangaza jijini Kigali kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Afrika haijaandaa tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Ikitokea zikaja kwa majirani zetu, swali la kwanza liwe: saketi gani?

Rwanda inaitwa nchi ya vilima elfu moja. Itakuwa dhambi kusawazisha kilima kwa greda ili kupata lami tambarare kama ya jangwani. Sisi wa ukanda huu tunajua ladha ya mbio zinazofuata ardhi. Safari Rally ilianza 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, wazungu walikuja na magari ya kisasa, vumbi na tope la Bonde la Ufa vikawafundisha adabu. Hakuna aliyelichora tope lile. Ndiyo maana dunia nzima inalikumbuka.

Spa ni shule hiyohiyo, ila imewekewa lami. Anayeijua Spa hatakubali kuuziwa maegesho ya magari yaliyochorwa kona, hata yakiwa na taa nyingi kiasi gani.

Mpaka 2027 bado tunayo kila mwaka. Mbio za Ubelgiji zikifika, hata kama wewe ni wa soka tu, kaa uangalie mzunguko wa kwanza. Usimtazame anayeongoza. Mtazame wa pili anaposhuka kutoka La Source, aone bonde linakuja, asiachie mafuta, apande Raidillon amemganda mwenzake mgongoni, halafu ajitokeze pembeni kule Kemmel. Ukimaliza, jiulize kama hilo ni jambo la kuonyeshwa mwaka mmoja, mwingine lisionyeshwe.